Kibanda cha faiba cha mwaka 1988 juu ya pikapu: maji yanapita wapi, na je, nibomoe ndani yote?

#1 Mtanga_Kaskazini (Edmonton)

Wakuu, salaam. Kabla ya majira ya baridi nilinunua kibanda cha kulalia, kile cha kupakiwa juu ya bodi ya pikapu. Kilitengenezwa Canada mwaka 1988 kwa magamba mawili ya faiba, la juu na la chini, yaliyounganishwa kiunoni kwa riveti na kufunikwa kwa ukanda wa plastiki. Nia yangu ni kukikarabati ili kiangazi nipande nacho barabara ya Dempster kutoka Yukon hadi Inuvik, kisha nimalizie kipande kilichofunguliwa mwaka 2017 kinachofika Tuktoyaktuk, ukingoni mwa Bahari ya Aktiki. Kabla ya hapo nataka kukizungusha kwenye barabara za misituni upande wa mashariki wa milima ya Rocky, ambako hakuna umeme, hakuna bomba wala fundi.

Tatizo ni hili. Kitanda kiko mbele, katika ile sehemu inayojitokeza juu ya paa la dereva. Ukinyanyua godoro unakuta plaiwudi imekuwa nyeusi upande wa kushoto, na ukiichokoa kwa bisibisi inaingia bila ubishi. Kinachonishangaza ni kwamba majira yote ya baridi kibanda kilikaa uani kikiwa kimefunikwa turubali, na kwa kuwa baridi ilishuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri hakukuwa na tone la mvua, lakini mwezi wa tatu ubao ulikuwa na maji mabichi. Muuzaji aliniapia kwamba faiba haivuji. Naomba mnisaidie mambo mawili: maji haya yanatoka wapi, na je, ni lazima nivunje makabati yote mpaka nifikie gamba tupu, au inatosha kuziba nje na kukata pale palipooza?

#2 FundiWaMalindi (Unguja)

Muuzaji hakukudanganya, ndugu yangu. Faiba haivuji, ila hukununua faiba tupu. Umenunua faiba iliyotobolewa kwa ajili ya madirisha, taa, bomba, tundu la hewa la paa na riveti zisizohesabika. Mtuhumiwa wa kwanza ni kile kiungo cha kiunoni. Gari linapotikisika, magamba mawili yanachezeana, na ziba iliyowekwa miaka hiyo yote imekwisha kukauka na kuachia. Vua ukanda wa plastiki, ng'oa riveti, safisha mpaka uone faiba safi, kisha kwa ndani pitisha ukanda wa kitambaa cha faiba na resini pande zote ili magamba yawe chombo kimoja. Sisi wa boti hatuweki imani yetu kwenye riveti.

Ila mniwie radhi nikicheka kidogo, maana maisha yangu yote nimekalafati vyombo ili maji ya chini yasipande, na leo naulizwa kuhusu chombo kinachoingia maji kutoka juu.

#3 BintiKisauni (Minneapolis)

Ahsante kwa mada. Kwa heshima, Fundi, mimi napinga. Huku Amerika Kaskazini kila gari lenye upana wa inchi 80 au zaidi, yaani kama sentimita 203, linatakiwa kuwa na taa ndogo za kuonyesha upana wake, na ndiyo maana vibanda hivi vina safu ya taa za rangi ya kaharabu pale juu mbele. Kila taa imeshikwa kwa skrubu, na nyuma yake kuna tundu la waya ambalo aghalabu halikuzibwa kabisa. Maji yakishaingia nyuma ya kioo cha taa hufuata waya, na waya wenyewe unapita ndani ya ukuta hadi usawa wa kitanda. Upande wa kushoto ulioutaja uko chini ya taa ya kushoto. Mimi nina kigari cha kuvutwa cha faiba cha aina ya Boler, ile iliyoanza kutengenezwa Winnipeg mwaka 1968, na nilipofungua taa zake nilikuta kutu ya kijani kwenye nyaya na kovu la maji likiteremka hadi kwenye fremu ya dirisha.

Kipimo chake hakina gharama. Funga madirisha na matundu yote, weka mashine ya kupuliza majani kwenye dirisha moja huku umeziba pembeni kwa kadibodi na tepu, ili hewa ijae ndani kuliko nje. Halafu zunguka nje na ndoo ya maji ya sabuni na brashi. Panapovuja, povu litajionyesha lenyewe.

#4 Mzee_Matrah (Maskati)

Vijana, mnatafuta tundu wakati huenda hakuna tundu. Mwenye mada amesema hapakuwa na mvua. Je, kabla ya theluji mlilala humo na mkapika humo? Gesi ya propeni ikiungua hutoa maji: kilo moja ya gesi hutoa takriban kilo 1.6 za maji kwa njia ya mvuke. Ongeza pumzi za watu waliolala usiku kucha, maji ya chai yanayochemka na nguo zilizolowa. Mvuke huo hukimbilia mahali penye baridi kuliko pote, na hapo si pengine ila chini ya godoro, ambako joto la mwili linasukuma unyevu kuelekea kwenye plaiwudi na upepo wa nje unaipoza faiba kwa chini.

#5 Nyundo_Calgary

Mzee, nakuheshimu, ila soma vizuri. Kibanda kilikaa uani majira yote ya baridi na hakuna mtu aliyelala ndani. Mvuke wa nani huo?

#6 Mtanga_Kaskazini

Nikubaliane na wote wawili. Mwezi wa kumi tulilala humo mara kadhaa na familia, tukapika kwa jiko la gesi na madirisha tukayafunga kwa sababu ya baridi. Baada ya hapo hakuna aliyeingia.

#7 Mzee_Matrah

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Maji uliyoyaona mwezi wa tatu ni maji ya mwezi wa kumi. Yaliingia kwenye ubao, yakaganda, na barafu iliyofungiwa kati ya godoro na faiba, tena chini ya turubali, haina pa kwenda. Jua liliporudi ikayeyuka. Nyanyua godoro kwa chaga za mbao ili hewa ipite chini yake, acha tundu la paa wazi kwa upana wa vidole viwili hata wakati wa baridi, na usipashe joto kwa jiko la kupikia. Licha ya unyevu, jiko hilo hula hewa yenu na linaweza kutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo kengele ya kuitambua ifungwe karibu na kichwa cha kitanda. Ile ya kunusa gesi ifungwe chini karibu na sakafu, kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa.

#8 Nyundo_Calgary

Mnajadili matone, na hakuna aliyeuliza juu ya pikapu yenyewe. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango, utaona jumla ya uzito wa watu na mizigo inayoruhusiwa. Halafu piga hesabu: kibanda kikavu cha aina hiyo hakikosi kilo 700 au 800, maji lita 100 ni kilo 100, mitungi miwili ya gesi, betri, jeki nne za kona, friji, watu wanne, vyakula na tairi za akiba. Ukimaliza unakuta umepita kilo 1,200 bila kujua. Na usiamini uzito ulioandikwa kwenye kibati cha kiwandani, kwa sababu plaiwudi iliyokunywa maji haikuwamo kwenye hesabu hiyo.

#9 Mtanga_Kaskazini

Pikapu ni ya daraja linaloitwa la tani moja, ila hilo ni jina tu; kibandiko kinaniruhusu kilo 1,400. Kwa hilo nadhani niko salama.

#10 Nyundo_Calgary

Kwa jumla ya uzito, sawa, lakini kapime kwenye mizani ya malori kikiwa kimejaa, na upime kila ekseli peke yake. Kitovu cha uzito wa kibanda kinatakiwa kikae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikiwa nyuma yake, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga. Soma pia uzito ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Watu huongeza springi na kusahau kwamba tairi ndiyo inayobeba.

#11 Kobe_wa_Arusha

Nawasalimu nyote. Sijawahi kuona theluji isipokuwa ile ya Kilimanjaro, tena kwa mbali, lakini nina neno juu ya vumbi, kwa kuwa Dempster ni ya changarawe kama nilivyosoma. Sisi tunaoendesha magari ya watalii tunajua kwamba gari likikimbia kwenye vumbi, nyuma yake hewa inapungua nguvu na vumbi linanyonywa ndani kupitia kila ufa. Dawa ni kufungua tundu la paa lielekee mbele ili hewa iingie kwa nguvu na ndani kuwe na msukumo wa kutoka. Lakini kwa uchunguzi wako, fanya kinyume: funga tundu hilo, endesha umbali wa kutosha kwenye vumbi, kisha fungua makabati na utazame. Mahali vumbi limechora mstari ndipo na maji hupita.

#12 BintiKisauni

Wazo zuri, ila nina angalizo: vumbi hupita hata kwenye ufa ambao maji hayafiki, kwa mfano chini ya mlango na kwenye kifuniko cha mtungi wa gesi. Kwanza, kisanduku cha mtungi kina tundu chini kwa makusudi, ili gesi ikivuja itoke nje. Asije akaliziba kwa kudhani amepata ugonjwa.

#13 Msomaji_Kimya (Tanga)

Mimi swali langu ni dogo. Mtanga, utapika nini huko? Maana nakufahamu kwa maandishi yako, huwezi kusafiri bila ng'onda.

#14 Nyundo_Calgary

Ng'onda ndani ya kibanda cha faiba katika nchi ya dubu! Harufu ile ikishaingia kwenye godoro haitoki, na dubu mweusi anaweza kung'oa dirisha la plastiki kama mtu anayefungua kopo. Chakula chote chenye harufu kikae kwenye kisanduku kigumu kinachofungwa, na maji ya kuoshea samaki yasimwagwe karibu na mahali pa kulala.

#15 Mtanga_Kaskazini

Ng'onda itabaki nyumbani, nimesikia. Turudi kwenye faiba. Sehemu iliyooza nitaikata kwa vyovyote. Je, nikirudishia nitumie resini ya poliesta, kama waliyotumia kiwandani, au epoksi? Bei zinapishana sana.

#16 FundiWaMalindi

Poliesta. Kibanda chenyewe ni cha poliesta, na boti za uvuvi tunazozirekebisha hapa kila siku ni poliesta juu ya poliesta, zinapigwa na mawimbi na kuburutwa juu ya matumbawe, na kiraka hakibanduki. Siri ni kusaga. Saga mpaka mng'ao wote uondoke, futa kwa asetoni na kitambaa safi, na usiguse tena kwa mkono.

#17 Mzee_Matrah

Fundi, kazi yako naijua na siibezi, ila resini mbichi ya poliesta haiungani kikemia na faiba iliyokauka tangu mwaka 1988. Inang'ang'ania mikwaruzo tu. Epoksi ni gundi kwa asili yake na hushika zaidi, hasa unapobandika plaiwudi. Penye tundu, saga mteremko wa upana mara kumi na mbili ya unene: gamba la milimita 4 lipate mteremko wa karibu sentimita 5 kila upande. Ukisaga sentimita 1 na kubandika kiraka, hata epoksi haitakuokoa.

#18 BintiKisauni

Kuna jambo nyote wawili mmeliacha. Mkeka wa kawaida wa nyuzi zilizokatwakatwa umeshikizwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye staireni iliyomo ndani ya poliesta. Epoksi haina staireni, kwa hiyo mkeka huo unabaki mgumu na hauloi vizuri. Anayetumia epoksi anunue kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Pia, akitaka kumalizia nje kwa jelkoti ya poliesta, lile tabaka la juu linalong'aa, juu ya epoksi, asitarajie ishike kwa uhakika. Ni afadhali apake rangi.

#19 Mzee_Matrah

Umesema kweli kuhusu mkeka, binti yangu. Ahsante.

#20 FundiWaMalindi

Nami naongeza la hali ya hewa, maana huko kwake si Unguja. Poliesta hukaushwa kwa hadina ya asilimia 1 hadi 2. Hapa kwetu tukiweka nyingi inachemka kwenye kopo kabla brashi haijagusa kazi. Kwake, ikiwa baridi iko chini ya nyuzi 15, inaweza kubaki na unata kwa siku nyingi, na watu hujaribu kutibu hilo kwa kuzidisha hadina, jambo linaloiharibu. Na yeyote anayenunua resini isiyotiwa kichapuzi cha kobalti asichanganye kobalti na hadina moja kwa moja, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Kobalti huingia kwenye resini kwanza, ikorogwe, ndipo hadina ifuate.

#21 Nyundo_Calgary

Na asiwashe jiko la gesi gereji ili kupasha poliesta joto. Mvuke wa staireni na asetoni unashika moto. Barakoa ya kitambaa haifai kitu. Inatakiwa ile ya vichujio vya mvuke wa kemikali, na ya vumbi wakati wa kusaga.

#22 Mtanga_Kaskazini

Nimerudi na matokeo, tena nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Nilifanya kipimo cha sabuni cha BintiKisauni. Taa ya kushoto ilitoa povu laini lililoendelea kukua. Ya kulia haikutoa kitu. Kiunoni povu lilitoka sehemu mbili, moja usawa wa jiko na nyingine kwenye pua ya kibanda, chini kidogo ya kitanda. Tundu la paa liko salama, ingawa mwenye zamani alilipaka silikoni juu ya silikoni.

Kisha nikakata kipande cha plaiwudi iliyooza, karibu upana wa sinia. Upande wa juu, unaogusana na godoro, umebadilika rangi lakini bado ni mgumu. Upande wa chini ndio uliooza, tabaka mbili zimeachana na kuwa nyuzinyuzi. Skrubu zimeliwa na kutu kwenye ncha, lakini vichwa vyake vinang'aa. Kati ya plaiwudi na gamba kulikuwa na maji yaliyosimama, yenye rangi ya chai, na waya wa taa unapita katikati yake.

#23 FundiWaMalindi

Shauri limekwisha. Ubao umeoza kutoka chini, maana yake maji yaliingia kwenye kiungo cha pua na kutuama juu ya gamba. Hiyo ndiyo ngama ya kibanda chako, pale maji yanapotuama chini ya chombo.

#24 BintiKisauni

Halijakwisha, Fundi. Waya umeuona ulipopita? Maji ya taani yanateremka nao mpaka chini ya ubao, bila kugusa godoro hata kidogo. Taa ya kulia haivuji na upande wa kulia haukuoza. Ungeelezaje hilo kwa kiungo kinachozunguka kibanda kizima?

#25 Mzee_Matrah

Kwa msimamo wangu, ushahidi wote huo unanifaa mimi pia. Upande wa chini wa ubao ndio unaogusana na faiba baridi, kwa hiyo mvuke hupenya ubao na kugeuka maji chini yake. Kama maji yangekuja kwa wingi kutoka nje, yangeleta vumbi na mchanga. Mtanga, maji hayo yalikuwa na mchanga?

#26 Mtanga_Kaskazini

Kulikuwa na tope jembamba, Mzee, lakini siwezi kulitofautisha na vumbi la plaiwudi iliyooza.

#27 Kobe_wa_Arusha

Na kibanda kimeegeshwaje? Kama uani kwako pameinamia kushoto, maji ya njia yoyote yangekusanyika kushoto, hata yakiingilia kulia. Hapo hoja ya taa ya kulia inapungua nguvu.

#28 Mtanga_Kaskazini

Ni kweli pameinama, tena kushoto. Sikuwahi kulifikiria hilo.

#29 BintiKisauni

Basi tenganisha. Sawazisha kibanda kwa jeki, acha ubao ulioukata wazi, fungua taa zote na uzirudishe kwa ziba ya poliurethani, lakini kiungo usikiguse. Mwagia maji ya rangi ya chakula kwenye kiungo peke yake kwa mpira usio na msukumo mkubwa. Maji yenye rangi yakitokea ndani, nitamlipia FundiWaMalindi soda. Na silikoni ya kwenye paa ikwanguliwe yote, kwa sababu hakuna ziba itakayoshika juu yake, hata silikoni nyingine.

#30 FundiWaMalindi

Soda naisubiri. Ila ukipima njia moja moja kiangazi kitakwisha. Akishafungua sehemu ya mbele, azibe taa, ashone kiungo cha pua kwa ndani na aweke plaiwudi ya majini iliyopakwa epoksi pande zote, kingo zake na matundu ya skrubu yakiwamo. Makabati ya nyuma ayaache, isipokuwa lile la jiko ambako povu lilitoka.

#31 Mzee_Matrah

Akiziba kila mahali na asiache njia ya hewa, atakuwa amejenga chupa. Mwakani atatuletea uzi mwingine.

#32 Nyundo_Calgary

Wakati wanabishana, Mtanga, nunua kibali cha kupiga kambi kwenye ardhi ya umma ya Alberta, kinachotakiwa tangu mwaka 2021 kwa maeneo hayo ya mashariki ya Rocky, na kaa si zaidi ya siku 14 mahali pamoja. Kwa Dempster chukua tairi mbili za akiba, maana changarawe yake ina mawe yenye ncha, na uangalie ratiba ya vivuko vya mto Peel na Mackenzie. Barafu inapovunjika hakuna kivuko wala daraja la barafu. Kama betri ni ya lithiamu iweke ndani palipo na joto, kwani haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri.

#33 Mtanga_Kaskazini

Nashukuru. Jumamosi nakisawazisha na kukimwagia maji ya rangi. Mwenye kujua rangi isiyoacha doa kwenye jelkoti nyeupe aniambie kabla ya hapo.